Spruspaini ya Mpakani

"Usikanyage hapo! Pita kwenye mawe, mwanangu. Hapo ndipo mti unapopumua."

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu. Sajenti Ardith Hensley, mpelelezi wa ofisi ya sherifu kwa miaka kumi na tisa, aliurudisha mguu wake taratibu, akapita kwenye mawe. Bi Delphia Ledford alikuwa anamsubiri chini ya mti, ngazi ya mbao imeegemezwa shinani, ndoo ya maji ya sabuni iko miguuni. Ana miaka themanini na moja na bado anapanda ngazi. Ukimwambia ashuke anakuuliza wewe ni nani.

Mti wenyewe ni hemloki. Nasema hemloki ili tuelewane, kwa sababu kwetu Bonde la Rymer, milima hii ya North Carolina, ukisema hemloki tunajua hapohapo umetoka nje. Sisi tunauita spruspaini. Babu zetu waliuita hivyo, na hata hati ya shamba la kina Ledford ya mwaka 1923 imeandikwa hivyo: mpaka unatoka kwenye jiwe la kijito, unapanda hadi spruspaini kubwa. Mti si sprusi, wala si paini. Haya, nenda kamwambie Delphia.

Hatua nane chini ya mti kuna chemchemi. Maji ya jikoni kwa Delphia yanatoka hapo tangu siku aliyoolewa. Kisima walikichimba mara mbili, na mara zote mbili yalitoka maji yanayonuka yai viza. Sasa jirani wa juu amekwenda mahakamani kudai kwamba chemchemi ni yake, na Alhamisi jaji anakuja mwenyewe kuutembea mpaka kwa miguu. Kwenye gome la mti kuna chale tatu za shoka, alama ya mpima ardhi wa zamani. Mti ukiwepo, chale zipo, na chemchemi ni ya Delphia. Lakini mti umeinamia nyaya za umeme, na mafundi wa laini wameshasema ukikauka tu wanaukata, na chale zitaondoka na lori la magogo. Mwanamke hakai bila maji. Wapwa zake wameshamtafutia chumba kwenye nyumba ya wazee mjini.

"Wakinipeleka kule nitakufa kwa kukosa mtu wa kugombana naye," Delphia alisema. "Sasa tazama walivyoufanya mti wangu."

Ardith aliinua kichwa. Juu kabisa matawi yalikuwa ya kijivu, majani yake ya sindano yamepukutika, anga linaonekana katikati.

"Ulianza kuona lini?"

"Krismasi. Lakini pamba niliiona mapema zaidi, Februari ya mwaka juzi."

Delphia alivuta tawi, akaligeuza. Chini ya zile sindano fupi, bapa, kila moja ilikuwa na kidonge cheupe mahali inapoungana na tawi. Vidudu vya pamba. Vinaufyonza mti mpaka ubaki mifupa, na vimeshamaliza nusu ya milima yetu. Huna haja ya mpelelezi kuvitambua, bibi yeyote wa bondeni anavijua.

Ardith hakuja kwa ajili ya vidudu. Wiki tatu nyuma, kwenye uzio wa juu, paini moja ya zamani ilikutwa imetobolewa matundu kumi na moja kwa keekee, na kila tundu limejazwa sumu ya kuua magugu. Alizunguka shina la hemloki mara mbili akipapasa gome kwa vidole na kumulika kwa tochi kila mfereji. Hakukuwa na tundu hata moja.

"Haukutobolewa," alisema.

"Kajifunza. Safari hii kaja na mbinu nyingine."

"Nani?"

"Weee, Ardith, usinifanye mtoto! Yule Mflorida wa juu, Pruitt."

"Kwenye mizizi huwa unaweka nini?"

"Majani makavu, udongo usipate joto. Na maji wakati wa ukame. Mizizi yake iko juujuu, ikikauka wiki mbili tu umekwisha. Huku juu ninaosha kwa sabuni, tawi kwa tawi. Hata vyombo vya kulishia ndege nimeviondoa, maana ndege wanabeba hivi vidudu miguuni. Mwaka mzima nakaa dirishani bila ndege wangu!"

Ardith alirudi nyuma hatua tano akautazama tena. Matawi ya chini yalikuwa kijani kibichi, machipukizi mapya kwenye ncha. Halafu ghafla, kwenye urefu mmoja, kijivu kilianza. Mstari ulikuwa umenyooka kama wa rula.

"Pale kwenye mstari kuna nini?"

"Hapo ndipo ngazi yangu inapoishia," alisema Delphia.

Ardith ana tabia moja inayoudhi watu: swali moja analiuliza mara mbili, mara ya pili akilivalisha nguo nyingine. "Kwa hiyo mbolea uliweka mwezi gani?"

"Mbolea? Unanitukana nyumbani kwangu? Mti wenye pamba hauwekewi mbolea! Ukiulisha mti unawalisha wao, wanazaana maradufu. Alinifundisha Coy mwenyewe, naye kafundishwa darasani, ana cheti."

Coy Ledford ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe Hobart, muuzaji kwenye duka la pembejeo barabara kuu. Ndiye mwenye kibali cha kumwaga dawa ya vidudu. Kwa maelezo ya Delphia, alimwaga mara mbili: Oktoba ya mwaka juzi na Machi ya mwaka huu, ndoo mbilimbili, karibu na shina, kama inavyotakiwa.

"Na dawa haikufanya kazi."

"Coy anasema mti mkubwa dawa hupanda polepole."

Ardith aliinama. Kuzunguka shina, umbali wa mpini wa jembe, palikuwa na duara la majani mapana, yenye afya ya kupita kiasi, mabua mekundu. Mengine yalikuwa yamekatwa kwa kisu.

"Hii ni poki?"

"Ndiyo poki. Miaka sitini sijawahi kuona poki chini ya spruspaini, mwaka huu imeota tele. Angalau nimepata mboga. Kesho baada ya kanisa uje ule. Coy naye atakuwepo, Jumapili hakosi."

Ardith aliandika majina matatu kwenye daftari lake: Pruitt, Coy, Delphia. Ndiyo, na Delphia. Mtu mwenye kesi Alhamisi anaweza kuuharibu mti wake mwenyewe ili jirani aonekane mshenzi. Ardith hamsazi mtu, na ndiyo maana hata binamu zake hawamwaliki harusini.

*

Grayson Pruitt alimkaribisha kwenye veranda ya kioo, juu kabisa ya mteremko, nyumba mpya inayong'aa mpaka inaumiza macho. Alikuwa ameacha kazi Florida, amekuja kupumzika milimani kwetu, na tangu afike hajapumzika hata siku moja. Kashitaki watu watatu na jogoo mmoja.

"Bwana Pruitt, wiki tatu zilizopita ulinunua keekee yenye ncha ndefu."

"Watu wengi hununua keekee."

"Na dawa ya kuua magugu, siku hiyohiyo, duka hilohilo la mjini. Nimemwona muuzaji, na kesho nitaziona kamera zao."

Pruitt alitazama kahawa yake. "Paini ile ilikuwa kwenye ardhi yangu."

"Ilikuwa kwenye uzio. Kwa nini uliitoboa?"

"Wakili wangu alisema nisizungumze."

"Basi usizungumze. Niambie tu, ulikuwa na ugomvi gani na mti?"

Hapo uzalendo ukamshinda. Akaingia ndani, akarudi na nakala ya hati, akaigonga kwa kidole mpaka karatasi ikakunjamana. "Soma mwenyewe! 'Hadi spruspaini kubwa.' Paini! Nimetembea mpaka wote, paini kubwa ni moja tu, ile ya juu. Nikasema yule bibi atamwonyesha jaji paini ile, atasema mpaka unapita pale, chemchemi nitaikosa. Nikaiua. Haya, nimesema. Ni kosa, nitalipa faini."

Ardith alimkazia macho. Mtu anayedanganya huwa anatafuta maneno; huyu yalikuwa yanamtoka kabla hajayatafuta.

"Na hemloki ya bustanini?"

"Hemloki ipi?"

"Mti mkubwa juu ya chemchemi."

"Ule mkavu? Una uhusiano gani?" Akakunja uso. "Halafu hemloki si ile sumu ya kwenye vitabu?"

"Ile ni majani, Bwana Pruitt. Huu ni mti. Ukichemsha vichipukizi vyake unapata chai."

"Mimi sinywi chai ya miti."

Ardith alifunga daftari, halafu akalifungua tena. "Ule mti wa juu ya chemchemi umeufanya nini?"

"Sijaugusa! Kwa nini niuguse? Si paini!"

Na hapo ndipo alipojivua lawama mwenyewe, bila kujua. Aliyeuua mti wa bustanini alijua kwamba spruspaini ni hemloki. Mflorida huyu alikuwa ameua mti mwingine kabisa kwa sababu alisoma neno letu kama lilivyoandikwa. Ardith alikuwa na mkosaji mkononi, na hakuwa yule aliyemtafuta.

"Swali la mwisho. Kwa nini unaamini chemchemi ni yako?"

"Kwa sababu aliyeniuzia aliapa. Mbele ya wakili, mkono juu ya Biblia, kwa maandishi: chemchemi imo. La sivyo ningenunua mteremko wa mawe wa nini?"

"Aliyekuuzia ni Coy Ledford."

"Huyohuyo. Nilimuuliza spruspaini ndiyo mti gani, akacheka. Akasema ni maneno ya wazee, nisihangaike nayo."

Ardith alitaka kukiona kile kiapo. Aliletewa. Saini ilikuwa ya Coy, na tarehe ilikuwa ya Septemba mwaka juzi. Mwezi mmoja baadaye, Coy alikuwa amepiga magoti chini ya mti na ndoo mbili.

*

Duka la pembejeo hufungwa saa nane Jumamosi. Ardith aliingia saa saba na nusu. Coy alikuwa peke yake nyuma ya kaunta, miaka sabini na minne, shati limepigwa pasi, cheti chake cha dawa kimetundikwa ukutani ndani ya fremu.

"Binti wa Thurman! Baba yako angekuona na hiyo bastola kiunoni angezimia."

"Baba yangu ndiye aliyenifundisha kulenga, Mzee Coy. Nionyeshe rejista yako ya dawa."

Hakusita. Aliitoa chini ya kaunta, akalamba kidole, akafungua mahali penyewe. Yote yalikuwamo: tarehe, mti, mzunguko wa shina, kipimo. Mwandiko mzuri, hakuna kilichofutwa. Rejista safi kiasi kile ilimfanya Ardith aisome mara ya pili.

"Mzunguko umeandika inchi mia moja na hamsini."

"Nilipima mwenyewe."

"Na mti unakufa."

"Vidudu vya siku hizi ni sugu, mwanangu. Na mti ukiwa mkubwa, dawa huchukua mwaka, hata miwili kufika juu. Nilimwambia Delphia asitegemee muujiza."

"Lakini pale anapoosha kwa sabuni mti ni mzima."

"Sabuni inaua kile inachokigusa. Sasa atafika kileleni vipi? Kwa mbawa?" Akacheka. Ardith hakucheka naye.

"Chini ya mti kumeota poki nyingi."

"Mti ukipukutika jua linaingia, magugu yanaota. Hilo hata wewe unalijua, umekulia shambani."

Jibu zuri. Ardith alilipima, hakuona tundu. Poki hupenda jua, kweli. Lakini jua halianguki kwa duara la mpini wa jembe.

"Ulipomaliza kumwaga, kuna jambo lolote ulimkataza Delphia?"

"Asichimbechimbe. Basi."

Alikwenda kwenye rafu akajifanya anatafuta kamba. Boksi la dawa lilikuwepo, ileile iliyoandikwa kwenye rejista. Alilinyanyua, akaligeuza, akasoma maandishi madogo ya nyuma mstari kwa mstari, kisha akanakili mstari mmoja kwenye daftari: *Usile kitu chochote kinachoota kwenye udongo uliomwagiwa dawa hii kwa muda wa miezi kumi na miwili.*

"Mtu aliyesomea dawa hii," aliuliza akiwa bado amempa mgongo, "anawaonya nini wenye nyumba?"

"Si umeshaniuliza hilo?"

"Nimeuliza?"

"Wasichimbe," alisema Coy, na safari hii hakuwa anatabasamu. "Utakuja kwa Delphia kesho?"

"Kaniita."

"Vizuri. Hakuna anayeweza mboga kama shemeji yangu."

Ardith alinunua boksi moja la ile dawa, akaomba risiti, akaondoka.

*

Jumapili mezani kulikuwa na maharage, mkate wa mahindi kwenye kikaango cha chuma, vitunguu vya porini, na katikati, kwenye bakuli la maua, poki. Delphia alikuwa ameichemsha mara mbili na kumwaga maji mara mbili, kama inavyotakiwa, halafu akaikaanga kwa mafuta ya nguruwe na mayai. Aliomba dua fupi. Siku hiyo alimwomba Mungu amtazame mwenye roho mbaya popote alipo, na Coy akaitikia amina kwa sauti kuliko wote.

Ardith alichukua maharage. Hakugusa bakuli la maua.

"Poki huli?" Delphia alimuuliza.

"Nasubiri kwanza, Bi Delphia. Tumbo."

"Mjini wamekuharibu tumbo. Coy, mwonyeshe."

Coy hakuhitaji kuambiwa. Alijaza sahani, akanyunyizia siki, akaanza kula kwa mkate. Ardith alimwacha. Alimwacha amalize nusu ya sahani, akamwacha asifie chumvi, akamwacha aongeze. Mimi ningekuwa pale ningeshindwa kujizuia, lakini Ardith ana subira ya kuudhi.

"Inatoka wapi, poki nzuri hivi?" aliuliza.

"Si nilikuonyesha?" alisema Delphia. "Chini ya spruspaini. Wiki ya tatu hii tunakula, mimi na shemeji. Jumapili iliyopita alibeba na ya kwenda nayo."

"Ni kweli, Mzee Coy?"

"Nilibeba," alisema Coy, mdomo umejaa. "Kuna kosa?"

"Ulijua imekatwa wapi?"

"Nilimshikia kapu. Ardith, kula chakula, leo ni Jumapili."

Ardith alifuta mikono, akatoa boksi la dawa kwenye mkoba, akaliweka mezani karibu na mkate. Kisha akafungua daftari akasoma ule mstari, polepole, mpaka kwenye "miezi kumi na miwili". Nje ndege wa mtu mwingine alikuwa anapiga kelele.

"Machi mpaka Mei ni miezi mingapi, Mzee Coy?"

Coy aliacha kutafuna.

"Una cheti. Karatasi hii umeisoma kuliko mtu yeyote kaunti hii. Sasa nisaidie, maana mimi ni askari tu. Ikiwa ulimwaga dawa pale Machi, basi umekaa hapa Jumapili tatu unamtazama mjane wa kaka yako akila sumu, na wewe mwenyewe unaila, na hata kufumba jicho hujafumba. Ikiwa poki hii ni salama, basi kwenye ndoo zile hakukuwa na dawa. Nichagulie moja."

"Dawa… dawa ile huwa haipandi sana kwenye majani ya…"

"Inapanda mti wa futi mia, inashindwa mboga?"

Delphia alikuwa ameshika uma, haushushi wala hauinui. Alimtazama Coy, akatazama sahani yake, akatazama boksi. Unaweza kumwona mtu akijumlisha. "Coy," alisema. "Umenilisha nini?"

"Hakuna kitu, Delphia."

"Nimekuuliza umenilisha nini! Mimi nilikula Jumatatu, Jumanne, nikala Alhamisi! Umeniona nikila!"

"Nisingekulisha sumu!" Coy alisimama, kiti kikaanguka. "Mungu anaona, Delphia, nisingekulisha sumu hata nikatwe mikono! Mti, ndiyo. Mti niliufanya. Wewe hapana!"

Ardith hakuandika.

"Niliapa chemchemi imo," alisema Coy, akiokota kiti. "Nilitaka kuuza, yule bwana hanunui bila maji, nikaapa. Nikadhani hati hata haisomwi. Halafu nikajua mtafikishana mahakamani tu. Jaji akiziona zile chale nafungwa kwa kiapo cha uongo, na uzee huu. Nikasema mti si unakufa wenyewe? Miti yote inakufa. Nitausaidia kidogo."

"Kwenye ndoo kulikuwa na nini?" aliuliza Ardith.

"Mbolea ya mahindi. Niliiyeyusha."

"Mara zote mbili?"

"Mara zote mbili."

Delphia aliweka uma chini. "Mwaka mzima napanda ngazi," alisema. "Kwenye baridi, vidole vinachanika kwa sabuni. Kumbe mimi huku juu nawaosha, na wewe huko chini unawalisha."

Akamnyooshea Coy kidole.

"Na kila Jumapili unakuja kunishikia kapu."

"Shemeji…"

"Usiniite hivyo." Alinyanyuka, akaichukua sahani ya Coy iliyobaki nusu, akaimwaga kwenye ndoo ya kuku, akarudi kuketi. "Ardith, mtoe mezani kwangu."

Ardith alimtoa. Alimsomea haki zake kwenye ngazi za veranda, akamtia pingu kwa mbele kwa sababu ya mabega yake mabovu, akamkalisha kiti cha nyuma cha gari, kioo kimeteremshwa. Kisha akatoa utepe wa manjano kwenye buti, akapita kwenye mawe, akauzungusha kwenye shina la hemloki mara tatu, juu ya chale.

Delphia alikuwa amemfuata. "Huo wa nini?"

"Kuanzia leo mti huu ni kidhibiti cha polisi. Hakuna fundi wa umeme, wala wakili, wala Mflorida anayeruhusiwa kuukata mpaka kesi iishe. Na kesi zetu unazijua haziishi haraka. Alhamisi jaji atazikuta chale."

"Kidhibiti kinaruhusiwa kumwagiliwa?"

"Sijaona sheria inayokataza."

"Na dawa ya kweli?"

"Boksi liko mezani, na mtu mwenye kibali yuko kaunti ya jirani, nitampigia leo. Lakini Bi Delphia, hilo la kuchelewa hakudanganya. Mwaka, miwili, kabla haijafika kileleni."

"Basi wapwa zangu wakitafutie kile chumba mtu mwingine," alisema Delphia. "Nina kazi."

Kutoka kwenye gari Coy aliita. Aliita mara mbili kabla hawajageuka. Alikuwa ameusogeza uso kwenye dirisha, macho mekundu.

"Delphia! Mwambie huyo atakayekuja apime upya. Ile namba ya kwenye rejista niliipunguza. Shina lile ni inchi mia moja themanini na mbili. Akitumia kipimo cha rejista dawa haitatosha, mti utakufa. Mia moja themanini na mbili, unanisikia? Nakwambia kweli."

Delphia alimtazama. Miaka arobaini alikuwa akiagiza mbegu, dawa na habari za mjini kwa neno la mtu huyu, bila kuuliza mara ya pili. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa futi ya kushonea, akampa Ardith ncha moja.

"Shika hapo," alisema. "Tupime wenyewe."